Jumamosi yangu na mashine ya presha

Wapendwa wangu wa nyumbani, hamjambo? Leo nawapigia stori miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto, maana ndiyo iliyofanya kazi kuliko mimi.

Mkisikia nesi yuko New York, mnawaza wodi na zamu za usiku. Hizo zipo, ndizo zinazonilipa. Jumamosi ni yangu: nabeba mashine ya presha nawafuata watu walipo, ukumbi wa kanisa, kwa kinyozi, popote watakaponipa kiti.

Leo kaja mzee mmoja, kakaa, kakunja nne, stori zikaanza. Mashine ikasoma 168, ile namba ya juu ya presha. Nikamwambia, "Mzee wangu, nenda haja kwanza. Ukirudi, nyayo chini, mgongo uegemee, mkono mezani usawa wa moyo. Na dakika 5 usiniambie neno." Msicheke! Kukunja nne, kuongea, hata kibofu kilichojaa, vyote vinapandisha namba. Tukarudia mara 2: 152, 150. Imeshuka, ila bado iko juu ya 140, yaani presha bado ni kubwa.

Zile dakika 5 za kimya ndizo napenda. Mtu akinyamaza anafikiri. Nikiwa namvua mkanda wa mashine mkononi, akatoa kichupa mfukoni. Vidonge vyote vimekatwa nusu kwa kisu, vingine vimemeguka unga. "Nakata ili visiishe upesi, mwanangu." Hospitali amekuwa akiwaambia anameza kama alivyoandikiwa. Nani angejua?

Kazi hii hatukuianza sisi. Mwaka 1893, hapahapa New York, nesi Lillian Wald alikuwa akiwafundisha wanawake wahamiaji kuuguza nyumbani. Mtoto akaja kumwita: mama amejifungua, anavuja damu. Akamfuata hadi chumbani. Wald alikuwa ameanza kusomea udaktari. Akauacha, akahamia kuishi kwenye mitaa ya wagonjwa wake. Baadaye manesi wake walikuwa wakipita juu ya mapaa, jengo hadi jengo, kuliko kushuka na kupanda ngazi upya. Na mimi hapa nalia na orofa 4!

Basi, mzee. Kuna dawa za presha za bei nafuu zaidi, lakini daktari atabadilishaje kitu asichokijua? Jumatatu namsindikiza kliniki, kichupa mfukoni. Ila kanipa sharti: nisimsemee. Atasema mwenyewe.

Ngoja niongeze maji, haya yamepoa.