Usiku wa kopi na wimbo mpya: mhadhara kwa wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wenzangu na vijana, habari za mchana. Wanaonijua wanajua nimekuja na lipi, kwa hiyo sitazunguka. Bendi zetu zinapiga kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, wiki nzima na wimbo mpya hausikiki. Ingia ukumbi wa Sinza, toka uende Kinondoni, malizia Mbagala: nyimbo ni zilezile, zinafuatana vilevile, na solo inapigwa noti kwa noti kama ilivyo kwenye santuri. Mabango yana majina tofauti, lakini ukifumba macho hujui uko kwa nani.

Sijaja kuitukana kopi. Kopi ni darasa. Wazee wetu waliijua rumba kwa santuri za GV, zile za mfululizo wenye muziki wa Cuba, wakizirudia kwenye gramafoni hadi vidole vikakubali. Vijana wa miaka ya 1960 wakakopi soul ya Marekani, wakaipenda kiasi kwamba mwaka 1969 wakubwa wakaipiga marufuku hapa mjini. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nadharau kopi. Ninachouliza ni kimoja: darasani mtatoka lini?

Sasa nisikilizeni vizuri. Hili nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti na leo nalisema tena. Kuna wimbo mmoja ambao bendi ya kopi haimalizi usiku bila kuupiga. Mmeshaujua: Sina Makosa, wa Les Wanyika. Ukianza tu lile gitaa, watu wanaacha vinywaji mezani na kwenda kucheza. Wangapi kati yenu mnaoupiga kila Ijumaa mmewahi kujiuliza ulizaliwaje?

Simba Wanyika ilikuwa bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliokwenda kuweka makao Kenya. Ilikuwa bendi yenye jina. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, mpiga besi Tom Malanga akiwamo, wakajitoa; hao ndio waliokuja kuwa Les Wanyika. Hapa ndipo ninapotaka mkae. Watu wale walikuwa na nyimbo za Simba Wanyika vichwani na vidoleni. Walishiriki kuzipiga, na mashabiki wa Nairobi walikuwa wakizijua. Wangeweza kupata ukumbi wiki ileile, wakapiga zile zile, wakala posho yao. Hawakufanya hivyo. Walijifungia mazoezini kwa miezi, John Ngereza akaungana nao, wakatunga. Walipopanda jukwaani pale ukumbi wa Garden Square, Nairobi, walikuwa na nyimbo zao wenyewe.

Fikirieni miezi ile. Hakuna kiingilio kinachokusanywa mlangoni na hakuna wa kukutunza noti kwenye paji la uso. Una familia, una kodi ya nyumba, na umetoka kwenye bendi iliyokuwa ikikulipa. Kila asubuhi unarudi mazoezini kutafuta ridhim moja tu itakayowafanya watu waseme hawa ni wengine, si wale wa zamani. Hilo ndilo lililouleta wimbo ambao sisi tunaulia chakula leo. Tunaishi kwa jasho la watu waliokataa kuishi kwa kopi, na bado hatuoni aibu kukaa miaka na miaka bila kutunga hata mmoja wetu!

Mtaniambia Nairobi ilikuwa Nairobi. Haya, turudi nyumbani, mwaka uleule wa 1978. Muhidin Gurumo anaondoka Msondo, bendi ya wafanyakazi, Michael Enoch anatoka Dar es Salaam Jazz, na Mlimani Park inazaliwa. Je, ilipiga nyimbo za Msondo? Ilikuja na mtindo wake, Sikinde, Ngoma ya Ukae, na tangu hapo mji ukagawanyika, hawa wa Msondo, hawa wa Sikinde. Mtindo, yaani mapigo na uchezaji wenye jina lake, ndio ulikuwa hati ya bendi. Western Jazz walikuwa na Saboso, Maquis walikuwa na Kamanyola, Vijana Jazz walikuwa na Pambamoto, Balisidya na Afro 70 yake walikuwa na Afrosa. Mpenzi wa muziki alikuwa akipita nje ya ukuta wa ukumbi anasikia ridhim tu, anajua nani yuko ndani. Leo nitajieni mtindo wa bendi yenu. Kimya hiki ndicho ninachokizungumzia.

Najua mwenye ukumbi atasema nini, maana nimeambiwa ana kwa ana: wateja wanataka wanazozijua, nyimbo mpya kapigieni nyumbani kwenu. Bwana mkubwa, hakuna wimbo ambao mteja alizaliwa akiujua. Zilipendwa zote zilikuwa ngeni siku ya kwanza. Bendi za zamani ziliupiga wimbo mpya ukumbini wiki baada ya wiki, zikaona wapi watu wanakaa na wapi wanainuka, zikarekebisha chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, na ndipo zikaenda Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, kurekodi. Wimbo ulipotoka redioni, mjini ulishapata wenyewe. Ukumbi ulikuwa ndio kipimo. Ninyi mnafanya kinyume: mnajificha studio, mnautoa mtandaoni usiku wa manane, halafu Ijumaa jukwaani hamuupigi. Nani aupende, na aupendee wapi?

Na msinijie na gharama za studio. Pale redioni bendi nzima iliingia chumba kimoja, waimbaji, magitaa, ngoma za tumba na mabomba ya kupuliza, ikapiga kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Akikosea mmoja, mnarudia wote. Zile ndizo rekodi mnazozikopi mpaka leo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sauti ya gitaa haikusafishwa. Waliweza kwa sababu walipofika pale wimbo ulikuwa umeshaiva. Wengi wenu mnaingia studio wimbo haujaisha, mnamwachia fundi wa kompyuta aumalizie, kisha mnashangaa mbona bendi haiwezi kuupiga jukwaani.

Ninachoomba si kikubwa. Katika usiku wa kopi, anza na mbili wanazozijua, watu wakishasimama piga wako mpya, papo hapo, bila kuomba radhi na bila hotuba ndefu. Taja jina la wimbo na la mtunzi. Wakikaa, wakae. Rudi na ya zamani, na wiki ijayo upige tena uleule mahali palepale. Usiubadilishe kwa sababu meza tatu zimekaa. Mpiga solo, kwenye wimbo wako hakuna wa kumwiga, kwa hiyo tafuta njia yako. Mwenye ukumbi mnayeaminiana naye mwombeni Jumapili moja ya bugi, dansi la mchana, kwa mwezi iwe ya nyimbo mpya tupu, bendi mbili zikipokezana, maana hakuna kitu kilichozifanya bendi za mji huu zitunge kama kushindana.

Nilitaka kuzungumzia mirabaha, malipo ya mtunzi kazi yake inapotumiwa, naona mwenyekiti anaangalia saa. Kwa haraka: Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 1999. Wimbo wa mtu ni mali ya mtu hata kama ameshafariki, na familia yake ipo. Wako usipousajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, siku utakapopigwa na wengine utabaki kusimulia. Sajilini mapema, na mwandike nani ametunga, nani amepanga magitaa, nani ameimba. Ugomvi mwingi unaovunja bendi huanzia hapo.

Habari ya vyombo na wanenguaji naiacha, muda hautoshi. Mwenye swali ajitaje jina na bendi yake, halafu atuambie wimbo mpya wa bendi hiyo unaitwaje.