Melba Liston na kalamu yake

Ndugu zangu, hili nimeshalisema mpaka wanangu wananikimbia mezani: acheni kumwita Melba Liston, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, "yule mwanamke aliyepuliza tromboni". Mkishasema hivyo mnadhani mmemmaliza!

Haya. Alizaliwa Kansas City, Missouri, mwaka 1926. Ana miaka saba akaiona tromboni, akaipenda kwa uzuri wake tu, mama akamnunulia. Sasa chombo kile hakina vitufe. Kuna mrija wa kusukuma na kuvuta, una vituo saba, wala hakuna alama iliyochorwa. Sikio ndilo linalokuambia umefika. Kituo cha saba mkono wa mtoto haukifikii. Kwa nini hakupewa kinanda? Hakukitaka, mzee wangu!

Mwaka 1949 alizunguka kusini mwa Marekani na bendi iliyompigia mwimbaji Billie Holiday. Ziara ilikwenda vibaya hata akauacha muziki, akaajiriwa idara ya elimu huko Los Angeles. Fundi yule, ofisini! Aliyemtoa ni Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta mwenye bendi yake, mwaka 1956, kwa ziara za nje zilizolipiwa na serikali ya Marekani. Inasimuliwa kwamba wanaume wa bendi walinung'unika: wapuliza tromboni wamekwisha mjini, mpaka aletwe mwanamke? Gillespie hakubishana. Alimwambia atoe nota alizoandika, wazipige. Wakajikwaa mwanzo tu. Manung'uniko yakaisha.

Mmeona? Si pumzi iliyowanyamazisha, ni kalamu. Mtaniambia mpangaji wa muziki ni fundi tu, mtunzi ndiye mwenye kazi. Nani kawaambia? Mpiga piano Randy Weston alitunga, Liston akaamua chombo gani kiseme, kipi kinyamaze. Chukueni albamu yao Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York mwaka 1960. Mwanzoni kabisa Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasoma shairi la Langston Hughes, mshairi wa Marekani, kwa Kiswahili. Kiswahili hiki hiki! Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Humu ukumbini wangapi mmeisikia? Mkono mmoja. Nao umeshika simu.

Naonyeshwa saa. Basi, Jamaica alikofundisha miaka ya 70 tunaruka. Kiharusi cha 1985 kilimnyang'anya tromboni, akaendelea kuandika muziki kwa kompyuta hadi karibu na kifo chake, 1999.

Kijana wa mitambo, weka ile Uhuru Kwanza, kipande cha kwanza cha albamu. Ongeza sauti. Na wewe wa simu, izime kwanza.