Jinsi ya kupanga likizo ya hoteli ya ufukweni Unguja: anza na maji

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Mnachokiona kwenye skrini ni ufukwe wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne na nusu asubuhi. Itafute bahari. Ule mstari mweupe kule mbali ni mawimbi yanayopasukia mwambani. Huku kwetu kote ni mchanga, majani, vidimbwi, na akina mama wa mwani wameinama kazini.

Sasa tazama picha ya pili. Ufukwe uleule, mnazi uleule, saa kumi jioni ya siku hiyohiyo. Maji yamefika chini ya ngazi za hoteli.

Kwenye matangazo utaonyeshwa hii ya pili. Picha ni ya kweli, ila ni nusu ya siku. Mimi niliiamini hiyo nusu nikamleta mama yangu kutoka Morogoro. Miaka mitatu nilikuwa namwahidi bahari. Tukatoka Dar na boti ya saa moja asubuhi, tukafika hotelini, mama akavua viatu, akajifunga ile kanga aliyoibeba maalumu ya kuogea, akateremka ngazi, akasimama. "Mwanangu, mbona imekauka?" Nikaenda mapokezi, nikajibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Aliyetusaidia ni mama mmoja aliyekuwa akipita na gunia la mwani kichwani: "Bamvu hili, bibi. Pumzikeni, alasiri yatakuwa hapa." Tulikuwa na siku mbili tu, na asubuhi zote mbili zikaenda hivyo. Tangu hapo sipangi safari ya Unguja bila kuanza na maji.

Hatua ya kwanza. Funga kurasa za hoteli, chukua kalenda. Ile ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu inafuata mwezi mwandamo, na maji yanafuata mwezi.

Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila badiliko huchukua kama saa sita, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvu: maji yanapanda sana, kisha yanatoka mbali sana. Tofauti ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 4. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu: hayapandi sana, wala hayaendi mbali.

Hapa naomba uandike. Siku za bamvu, Unguja, maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi saa nne, saa tano, maji yapo, tena yametulia. Kwa hiyo kwenye kalenda yako zungushia kalamu nyekundu mwezi 1 hadi 3 na mwezi 15 hadi 17, yaani tarehe za Kiislamu, siyo miezi ya mwaka. Hizo ni bamvu. Kalamu ya kijani weka mwezi 8 na 9, na mwezi 23 na 24. Hayo ni maji mafu. Ukishapata tarehe zako, hakikisha saa zenyewe kwenye programu yoyote ya simu inayoonyesha kupwa na kujaa, kwa sababu kuna kupishana kidogo kutoka pwani moja hadi nyingine.

Kama una watoto wadogo, au mzazi anayetaka kuoga asubuhi kabla jua halijakali, fuata kijani. Lakini nyekundu usiidharau. Bamvu ndiyo siku ya kutembea kuelekea mwambani, na ndiyo siku akina mama wa Paje na Jambiani wanaposhuka kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoshika kasi huku kuanzia mwaka 1989. Angalia hapa kwenye video: vijiti viwili, kamba katikati, na mashada ya mwani yamefungwa kwa vikamba vidogo. Hilo ni shamba la mtu. Zunguka, usikanyage wala usiruke kamba. Ukitaka kupiga picha, toa salamu kwanza, omba, na ukikataliwa shukuru uendelee na safari yako. Vaa viatu vya maji, maana kwenye majani na mawe kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia unyayoni likizo imeharibika. Na anza kurudi mara tu maji yanapogeuka. Yakianza kuingia hujaza mifereji nyuma yako wakati wewe bado umesimama pakavu.

Hatua ya pili, msimu. Hii haina mengi. Machi hadi Mei ni masika. Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga kabisa na nyingine hushusha bei sana. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa nzuri, lakini pwani ya mashariki ina upepo, na boti kutoka Dar huyumba. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, mvua zake si za kutwa nzima. Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto kali. Mwisho wa Desemba vyumba ni ghali kuliko wakati wowote, na Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, Mji Mkongwe hujaa. Ukienda Ramadhani, hoteli zitakuhudumia kama kawaida, ila nje ya hoteli usile wala usinywe mchana mbele za watu.

Hatua ya tatu ndiyo ufukwe wenyewe. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali hata siku ya bamvu, kwa hiyo unaoga karibu saa yoyote. Kendwa inatazama magharibi, jua linazama baharini mbele yako. Ubaya wake ni msongamano na muziki wa usiku. Paje ni pa vijana na wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Jambiani na Bwejuu ni kijiji hasa, utasikia adhana na jogoo. Matemwe ni tulivu, na kutoka hapo kisiwa cha Mnemba ni karibu kwa wanaopenda kutazama matumbawe kwa miwani. Safari yangu ya pili na mama nilirudi Jambiani ileile, tarehe 8 ya mwezi mwandamo. Asubuhi alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, na sikuhitaji kumpeleka Kendwa.

Hatua ya nne: piga simu. Bei ya mtandaoni ni ya kuanzia mazungumzo tu, hasa kwa Mtanzania. Mimi huongea hivi:

"Habari za kazi, dada. Naomba bei ya wakazi, watu wazima wawili na mtoto wa miaka saba, usiku tatu."

Neno la kutaja ni hilo, bei ya wakazi. Hoteli nyingi kubwa wanayo lakini hawaiweki hadharani, na wengine huisimamisha sikukuu za mwisho wa mwaka. Utaombwa kitambulisho, andaa cha NIDA. Kisha uliza: bei hiyo ni ya chumba au ya kila kichwa? Kodi na ile tozo ya kila mtu kwa kila usiku zimo, au nitazikuta kaunta? Chakula ni chai ya asubuhi tu, au na cha usiku? Wakisema kila kitu kimo, uliza kama maji ya chupa, soda na juisi vimo pia, na vinafungwa saa ngapi. Swali la mwisho: "Siku hizo maji yanajaa saa ngapi hapo kwenu?" Mtu wa mapokezi anayejibu bila kubabaika anaujua ufukwe wake. Akikwambia bahari ipo muda wote na hoteli iko Jambiani, tafuta nyingine.

Kuhusu chakula, msimamo wangu ni huu: chukua chai na chakula cha usiku, mchana uwe huru. Ukilipia kila kitu ndani utajilazimisha kula hotelini, na pweza wa nazi wa kijijini utamsikia kwa jirani. Usiku mmoja ulale mjini ule urojo kwenye bustani ya Forodhani.

Lipa malipo ya awali kwa jina la hoteli, usilipe kwa namba binafsi ya mtu, na dai risiti yenye tarehe na masharti ya kuahirisha.

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili, ndege dakika 20 hivi. Beba kitambulisho mkononi, usikizike kwenye begi. Kama unasafiri na rafiki kutoka Ulaya au Marekani, kuna bima ya lazima ya Zanzibar tangu Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Ailipie mtandaoni kabla hajaondoka kwao. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Nguo za kuogelea zinabaki ufukweni. Ukiingia kijijini au Mji Mkongwe funika mabega na magoti.

Mwisho, siku ya kuondoka, ambayo wengi hawaipangi. Chumba unakiacha saa nne au saa tano. Kama ni bamvu, ndiyo saa ambayo bahari haipo, na ukisubiri ijae boti ya jioni itakuacha, maana kutoka Nungwi hadi bandarini ni kama saa moja na nusu. Kwa hiyo panga safari ianze na nyekundu, iishie karibu na kijani: siku za mwanzo unatembea mwambani asubuhi na kuoga jioni, na kadiri siku zinavyosogea maji yanakukuta asubuhi. Siku ya mwisho amka mapema, oga baharini, kisha uoge maji baridi, mfuko wa nguo mbichi uweke juu kabisa ya begi, halafu umpigie dereva.