Tamthilia kumi, karibu zote za mtaa mmoja: nipo kwao August Wilson

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu! Leo nipo Pittsburgh, Marekani, kwenye mtaa wa Hill District. Nyumba hii ya matofali nyuma yangu, namba 1727 Bedford Avenue, ndiyo aliyokulia August Wilson, Mmarekani Mweusi mwandishi wa tamthilia. Mama yake, Daisy, alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Baba alikuwa mwoka mikate wa Kijerumani, na hapa alikuwa haonekani sana. Mwaka 1965 baba alipofariki, kijana akachukua jina la ukoo wa mama, Wilson.

Shule aliacha ana miaka 15. Mwalimu alimwambia insha yake ya Napoleon kaiiba, eti nzuri mno! Hakurudi tena. Akawa anashinda maktaba ya Carnegie anajisomea, akitoka huko anakaa vijiweni na wazee, anasikiliza soga. Miaka mingi baadaye maktaba hiyo ndiyo iliyompa cheti cha kuhitimu.

Sasa sikieni hapa, sisi tulio mbali. Mwaka 1978 alihamia St. Paul, Minnesota, kwenye baridi na Weusi wachache. Huko ndiko sauti za wale wazee zilikomrudia vizuri. Akaandika *Jitney*, habari ya madereva wa teksi bubu. Ndiyo, teksi bubu! Teksi zenye leseni zilikuwa hazitaki kupandisha huku kwa Weusi, basi watu wakajiendeshea zao.

Kwa jumla kaandika tamthilia kumi, kila moja na muongo wake wa karne ya 20. Tisa zinatokea hapa Hill, moja Chicago. Mbili zilimpa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani: *Fences* mwaka 1987 na *The Piano Lesson* mwaka 1990.

Kwenye *Fences* kuna Troy, mzoa taka, fundi wa besiboli aliyezeeka ligi kubwa zikiwa bado zimewafungia Weusi mlango. Mwanawe anamuuliza mbona hujawahi kunipenda. Jibu la Troy: nakulisha, nakuvisha, kwa sababu ni wajibu wangu, nani kakwambia lazima nikupende? Wababa wa kwetu, mnajijua.

Alifariki 2005, ana miaka 60 tu. Mwezi huohuo ukumbi mmoja wa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ukapewa jina lake, wa kwanza kule kuitwa kwa jina la Mmarekani Mweusi.

Mkitaka kuanza, tafuteni filamu ya *Fences* ya 2016, Denzel Washington na Viola Davis. Halafu niambieni kwenye maoni: Troy mnamtetea au hapana?