Saa Tisa na Nusu Hadi Saa Moja

Wazazi wenzangu, jambo hili nimelisema katika vikao vingi hapa Eastlands, Nairobi, na nitalirudia hadi lisikike. Masomo yanakwisha saa tisa na nusu. Mama anayefanya kibarua Viwandani anafika nyumbani saa moja, tena kama Jogoo Road haijafungana. Saa hizo tatu na nusu, mtoto ni wa nani?

Nilikuwa na msichana wa darasa la nne. Kila jioni alibaki kufagia darasa, iwe zamu yake au la. Akimaliza, anafuta ubao uliokwisha futwa. Nilimsifu gwarideni, nikampa daftari jipya mbele ya wenzake. Muhula mzima nikidhani ni bidii. Siku moja nikamwambia, mwanangu, nenda nyumbani, jua linazama. Akashika ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akaniuliza, "Mwalimu, naweza kufagia na darasa la tano?" Hapo nikaketi naye. Kumbe kwenye ploti yao kulikuwa na mpangaji aliyejua saa ambazo mama hayupo. Alikuwa akija kugonga mlango. Mtoto anajifungia kwa ndani, anazima taa, anakaa kimya hadi mama arudi. Mtoto wa miaka kumi! Na mimi nampa daftari.

Sasa mtu ataniambia kulea ni kazi ya mzazi. Yule mama amekimbia kazi gani? Akiacha kibarua saa tisa, kodi atalipa na nini? Mwingine atasema tuisheni ya likizo ilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Jamani, siombi tuisheni! Naomba ukumbi ulio wazi, mtu mzima anayejulikana tabia yake na anayelipwa, mpira, vitabu, kikombe cha uji.

Kumbi zipo, Kaloleni na Makadara, na maktaba za kaunti zipo huko huko. Kanuni za elimu za 2015 zimetenga muda hadi saa kumi na dakika 45 kwa michezo na vilabu. Nani anamlipa msimamizi? Katiba imewapa kaunti chekechea na vituo vya kulelea watoto, shule za msingi zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Basi mtoto akivuka lango la shule, kila ofisi inamwelekeza kwa nyingine.

Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa kuwapikia watoto wa shule, ilianza 2023, mzazi analipa shilingi 5, mtoto anakula mchana. Jiko hilo lishindwe na uji wa saa kumi? Marekani wana mfuko wa serikali kuu wa kuwatunza watoto baada ya masomo, zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Ulipozuiwa Julai 2025, watu walipiga kelele, hata maseneta wa chama tawala, ukaachiliwa mwezi huo huo.

Nilitaka kugusa watoto wenye ulemavu, na likizo ya Novemba, lakini naona muda umekwisha. Kaunti ikiita kikao cha maoni ya bajeti, tusiombe taa za barabarani peke yake. Anayekuja nami aandike jina kwenye daftari lile pale mlangoni.