Namba Iliyokuuma: mhadhara kwa wakimbiaji wa Lubumbashi

Jambo yenu wote, mababa, mamama na vijana wa futingi, yaani mbio za mazoezi.

Leo mbinu za kukimbia tuziache kando. Tuseme juu ya ile jioni ya Jumapili baada ya nusu marathoni: mtu ameketi mbele ya bukari (ugali) na samaki, hataki kula. Amemaliza kilometa 21, hana jeraha, lakini uso ni wa matanga. Ukimwuliza kuna nini, anakujibu kwa namba: nilitaka 1:45, yaani saa moja na dakika 45. Tuanzie hapo, maana mara nyingi kosa lilikuwa ndani ya namba hiyo kabla hajafunga kamba za viatu.

Mwenye kaye (daftari) aandike. Chukua muda wako wa kilometa 10, uliokimbia kwa nguvu zote katika miezi miwili ya karibuni, uzidishe kwa 2.2. Dakika 50 zinakupa 110, yaani 1:50. Hayo ni makadirio, na yanamfaa aliyezoea kukimbia kilometa 16 au 18 mfululizo mazoezini. Asiyefika huko ategemee muda mrefu zaidi. Sasa, 1:50 ni kilometa moja kwa dakika 5 na sekunde 13. Na 1:45 ni kilometa moja kwa dakika 4 na sekunde 59. Huyu bwana wa 1:45, kama kilometa 10 zake ni dakika 50, anaomba sekunde 14 za bure kila kilometa, mara 21. Nani atamlipia?

Atajilipia mwenyewe, na riba. Anaanza kwa 4:50 kwa sababu wenzake wanamtazama. Kilometa 5 za kwanza anazimaliza kwa 24:10, badala ya 26:05. Amevuna karibu dakika mbili na furaha ya kupita watu. Lakini kwa mwendo huo mwili unachoma akiba ya sukari ya misuli haraka kuliko ulivyozoea, pumzi inapanda, miguu inaanza kuwa mizito. Kuanzia kilometa ya 15 anashuka hadi dakika 6. Sekunde 47 juu ya 5:13 yake, mara kilometa sita: karibu dakika tano zimekwenda, na wale aliowapita wanampita mmoja mmoja. Kinachouma zaidi ni kule kupitwa, kuliko saa yenyewe. Ndiyo maana anasema ameshindwa mbio, wakati alishindwa hesabu.

Kwa hiyo, kabla ya mbio andika malengo matatu, tuseme kwa huyu wa dakika 50. La kwanza, siku ikiwa nzuri: 1:50. La pili, siku ya kawaida: 1:54, yaani 5:24 kwa kilometa. La tatu lisiguse saa ya jumla hata kidogo: nusu ya pili isizidi ya kwanza kwa zaidi ya dakika tatu. Hilo la tatu liko mikononi mwako hata mvua ikinyesha, na kwa maoni yangu ndilo la kujivunia.

Nafasi, je? Nafasi ya kumi inategemea nani amelala nyumbani siku hiyo. Tuendelee.

Msimu ni jambo la kutuliza zaidi. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, hewa kavu. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijakaa sawa, joto ni jingine. Mwili ukipata joto unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe. Moyo unapiga zaidi kwa mwendo uleule. Anayeshika saa yake ya mwezi wa saba na kuidai mwezi wa kumi anajitukana bure. Linganisha mwezi wa kumi na mwezi wa kumi.

Kuna pia ushindani wa siri wa mazoezini. Kikundi kinatoka kwa mwendo mwepesi, mmoja anaweka bega mbele, mwingine hakubali, na kabla ya kilometa ya nne imekuwa fainali. Kipimo ni rahisi: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, huo si mwendo mwepesi tena. Ukikimbia mara nne kwa wiki, tatu ziwe za kuongea. Mapigo ya moyo ya asubuhi kitandani yakipanda kwa saba au nane juu ya kawaida yako siku mbili mfululizo, pumzika.

Sasa kuacha mbio katikati. Wengi hutajiwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Namheshimu, lakini wewe hukutumwa na taifa, na Jumatatu una kazi. Eliud Kipchoge, wa Kenya nchi, si wa komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, aliacha marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 baada ya kilometa 30, mtu mwenye dhahabu mbili za Olimpiki. Maumivu yakibadilisha hatua yako, kifua kikibana, baridi ikikutambaa juani au kichwa kikizunguka, simama. Kuchoka tu na kuchelewa si sababu.

Baada ya mbio, jioni ile kunywa, kula, lala. Mwenzako akiwa na huzuni, usimwambie haidhuru. Mwulize kama amekunywa maji. Siku ya pili fungua kaye, andika muda wa kila kilometa 5, tafuta mahali mwendo ulipovunjika kwanza. Mwendo ukivunjika kabla ya kilometa ya 10, tafuta mwanzo wa haraka, usingizi mbaya au homa. Baada ya 15, tafuta chakula au uhaba wa mbio ndefu. Usijiandikishe mbio nyingine kabla ya siku kumi: mbio za kulipiza kisasi huzaa majeraha.

Na futingi ya kwanza ya kikundi, tuseme kilometa 8 kwenye njia ya Kipushi: aliyefika wa mwisho aweke mwendo mbele, asipitwe na mtu, saa zote zibaki nyumbani. Kimbieni mkitazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu ya malori.