Hayo si Madharau wala Mapepo

Wazazi na walimu, asanteni kwa kuja, najua kuna waliotoka mpaka Nyalenda na hii mvua. Wale wameniskia nikimtaja huyu msichana mbeleni mnivumilie, juu yeye ndiye sababu sinyamazi kuhusu OCD, ule ugonjwa wa akili unaomletea mtu mawazo ya hofu yasiyotoka kichwani na kumlazimisha kurudia jambo moja tena na tena.

Alikuwa gredi ya sita, hapa hapa Kisumu. Mikono imepasukapasuka, vidole kwa viungo vinatoa damu. Mtungi wa lita 20 unaisha kabla aende shule. Ananawa akihesabu hadi saba, akikosea anaanza upya, halafu anauliza, "Mama, iko safi?" Mama anajibu iko safi, dakika mbili haijaisha anauliza tena. Sasa niskizeni vizuri: hilo jibu la mama, lililotoka kwa mapenzi kabisa, ndilo lilikuwa chakula cha OCD. Hofu inatulia kidogo, inarudi ikitaka jibu lingine.

Utaniuliza, kwani nimwache mtoto wangu akilia? Sijasema hivyo! Tulianza pole pole, ashike kitasa cha mlango wa choo, akae dakika tano bila kugusa maji, mama ameketi kando yake anamwambia tu, "Naona unaogopa, niko hapa." Siku ya kwanza alitetemeka mwili mzima. Lakini hofu ilipanda, ikafika mahali ikaanza kushuka yenyewe, na beseni haijaguswa. Hiyo njia sijaitunga mimi, mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuihusu huko Uingereza 1966, na bado ndiyo tunaitegemea.

Kabla waje kwangu walikuwa wamekesha kwa maombi miezi na miezi. Mimi pia naomba, ombeni, lakini mtoto atibiwe. Na wewe mwalimu, yule anafuta homuweki mpaka karatasi inatoboka, ukimchapa unamuongezea hofu juu ya hofu.

Saa yangu inaisha na sijagusa dawa. Sertraline na fluoxetine zinasaidia watoto, na utafiti wa Marekani wa 2004 ulionyesha sertraline ikienda pamoja na hayo mazoezi ya kukabili hofu inashinda dawa pekee. Wanaojing'oa nywele au kujichuna ngozi ni jamaa ya ugonjwa huu, tutawarudia.

Ila hili silikati: mtoto akikwambia kichwa kinamletea wazo la kumdunga mamake kisu na analia juu linamtisha, usimfukuze nyumbani, usimwite muuaji. Analiogopa hilo wazo kuliko wewe. Mlete aonwe.

Mama wa pale nyuma, umeinua mkono kitambo, uliza.